Mombasa Si Bwawa la Kuogelea la Watu wa Thika Road

Disemba ikikaribia, makundi ya WhatsApp kutoka Ruiru hadi Thika hubadilishwa majina. Kundi la mbogi ya mtaa linaitwa ghafla "Coast Tunakuja". Watu kumi na wawili wanaahidi kuchanga, saba wanatuma pesa, wawili wanajiondoa usiku wa kuamkia safari bila neno. Waliobaki wanakodi nyumba yenye bwawa la kuogelea Nyali au Mtwapa. Mchana wanalala, jioni wanaamka, usiku wako klabu, na siku ya nne wanapanda basi macho mekundu. Ukiwauliza Mombasa iko aje, wanakuonyesha picha ya bwawa. Lina vigae vya buluu, viti viwili vya plastiki na ukuta mweupe. Lingeweza kuwa Juja.

Nina neno na wewe uliye kwenye hilo kundi. Sikuambii usicheze, pesa ni yako na mgongo ni wako. Ila ujue kwamba umesafiri karibu kilomita mia tano kwenda kwenye mji ambao hujauona.

Jaribu swali hili kwa marafiki zako: mji mkuu wa Kenya kabla ya Nairobi ulikuwa wapi? Wengi watakuuliza, kwani ulikuwepo mwingine? Waingereza walipotangaza himaya yao ya Afrika Mashariki mwaka wa 1895, makao yake yalikuwa Mombasa. Mwaka uliofuata wakaanza kujenga reli kutoka hapo. Nairobi ilikuwa kinamasi ambapo reli ilifika mwaka wa 1899, na serikali ikahamia huko 1905. Wakati huo Thika na Ruiru bado hazijawa miji ya kutajwa. Mombasa tayari ilikuwa na karne nyingi mgongoni. Msafiri Ibn Battuta alitua hapo mwaka wa 1331 akaandika kuhusu ndizi, samaki na misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Soma tena huo mwaka. Sisi wa Ruiru tumezoea mtaa ambao kitu kizee zaidi ni ploti ya orofa tano iliyopakwa rangi mara ya mwisho 2012, mwaka barabara kuu ilipokamilika.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo mtu asiniambie historia ni mambo ya wasomi. Hii ya Mombasa haikutaki uwe na digrii. Inakutaka uwe na viatu vizuri na chupa ya maji.

Anzia Fort Jesus, asubuhi mapema, kabla jua halijakukasirikia. Ndiyo, najua uliipita kwa tuktuk ukapiga picha ya mlango. Ingia ndani. Kiingilio cha mwananchi ni sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mgeni kutoka ng'ambo, beba kitambulisho. Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593 kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe. Ukiiangalia kutoka angani ina umbo la mtu aliyelala chali. Mwaka wa 1696 Waomani waliizingira, na waliokuwa ndani walishikilia karibu miaka mitatu, njaa na maradhi vikiwamaliza, hadi ilipoanguka Disemba 1698. Waingereza walipokuja wakaifanya gereza, na ikabaki gereza hadi 1958. Iliyo sasa ni makumbusho, na tangu 2011 iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Lakini kitu kinachonishangaza zaidi hapo si mizinga. Ni bendera. Ukanda wa pwani wa maili kumi, pamoja na Mombasa yenyewe, ulikuwa kisheria mali ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiukodi. Bendera yake nyekundu ilipepea kwenye ngome hiyo hadi 1963. Maana yake mji mkuu wa kwanza wa nchi yetu ulikuwa kwenye ardhi ya kukodi, kama wewe tu na hiyo bedsitter yako ya Kimbo. Nacheka, ila si mchezo. Ukishaelewa hilo, unaanza kuelewa kwa nini watu wa Pwani wakizungumza kuhusu ardhi na serikali ya Nairobi sauti zao hubadilika, na kwa nini kulikuwa na miaka ambapo kauli ya "Pwani si Kenya" ilisikika kila mahali. Unaweza kuipinga. Lakini ukiipinga ukiwa umelala kando ya bwawa, hujui unapinga nini.

Hapo ndipo nilipotaka kufika. Tabia yetu ya kuigeuza Mombasa kuwa uwanja wa sherehe haiishii kwenye picha. Inatufundisha kuwaona watu wa huko kama wafanyakazi wa likizo yetu: huyu wa kuleta dafu, yule wa kuendesha boti, yule dada wa kufagia tukitapika. Nimesikia kwa masikio yangu vijana wa huku wakisema watu wa Pwani ni wavivu, na wao wenyewe wameamka saa nane mchana. Hakuna anayesema hivyo akiwa amekaa nusu saa pale Likoni alfajiri akaona umati unaovuka kwenda kazini.

Basi panda feri. Kwa anayevuka kwa miguu ni bure, na kwangu hiyo ndiyo safari bora zaidi ya baharini Kenya. Simama pembeni, si katikati ya magari. Utaona mama na samaki wake kwenye karai, wanafunzi, fundi na mkoba wa vyuma, mzee wa kanzu, na watu wa baiskeli waliopakia mizigo kushinda boda ya Githurai. Halafu feri inasimama kidogo kungojea. Unageuka, na meli ya makontena inapita mbele yako, ndefu kama mtaa mzima, ikiingia Kilindini. Jina lenyewe linatokana na kilindi, maji marefu. Viatu vya mitumba ulivyonunua soko la Ruiru vilipita hapo. Simu unayosomea makala hii, kuna uwezekano mkubwa, pia. Vuka pia ukijua kwamba maji hayo si ya picha tu. Mwaka wa 1994 feri ya Mtongwe ilizama hapo karibu, na zaidi ya watu 250 wakafa. Wenyeji wa umri wa wazazi wetu hawajasahau.

Ukirudi upande wa kisiwa, tembea hadi Mama Ngina. Nenda saa kumi jioni. Kuna mibuyu mikubwa ambayo imekaa pale tangu kabla ya hiyo reli, kuna bahari wazi, na kuna mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa ikatiwa pilipili na ndimu. Familia za Mombasa zenyewe huja kupunga upepo hapo, watoto wakikimbia, akina mama wakiwa wamekaa ukutani na mabuibui yao yakipeperushwa. Hakuna anayekuuzia burudani. Unakaa tu unaangalia meli. Nimejaribu kueleza watu wa huku raha ya kukaa tu, wananiangalia kama nimepandwa na malaria.

Mji wa Kale nao usiende na mbogi ya watu kumi na spika. Nenda wawili au watatu. Vaa vizuri, si lazima uvae kanzu, funika magoti na mabega tu, kwa sababu hiyo si seti ya video, ni nyumbani kwa watu. Salimia. Hii ndiyo siri pekee niliyo nayo, na ni bure. Huku kwetu ukimsalimia mtu usiyemjua anashika mfuko wa simu. Kule usipomsalimia ndipo anapokutilia shaka. Pitia Ndia Kuu, angalia milango ya nakshi na roshani za mbao, shuka hadi bandari ya kale ambapo majahazi yalikuwa yakishusha tende na mazulia. Msikiti wa Mandhry, ambao inasemekana ulijengwa 1570, utaujua kwa mnara wake mnene wa kizamani. Ukitaka kupiga picha ya mtu, omba. Akikataa, sema samahani uende.

Na kaa kwa muuza kahawa. Kahawa chungu kwenye kikombe kidogo, na kashata pembeni. Mara ya mwisho niliketi karibu na mzee aliyenipima kwa macho kabla hajasema.

"Kijana, watoka bara?"

"Ndiyo mzee, natoka Ruiru."

"Ruiru ndiyo Nairobi?"

"Ni karibu na Nairobi."

"Haya. Na mbona hujalewa?"

Baraza zima likacheka, nami pia. Kisha nikawaza njia nzima ya kurudi kwamba hilo ndilo jina tulilojijengea.

Kuna jambo la lugha pia. Ukifungua mdomo kule utachekwa kidogo, kubali. Sisi tunasema "nimekam kuwaona" na tunajiona tumeongea Kiswahili. Kiswahili cha Mombasa kina jina lake, Kimvita, na kina ushairi wake uliokuwepo kabla Nairobi haijawa hata kituo cha reli. Muyaka bin Haji alikuwa akitunga hapo mwanzoni mwa karne ya 19, mashairi ya mapenzi, ya vita na ya kuwachokoza wakubwa. Kichekesho ni kwamba mwaka wa 1928 mkutano wa kuamua Kiswahili cha kufundishia shuleni ulifanyika Mombasa, na ukachagua Kiunguja, cha Zanzibar. Wenye mji waliandaa harusi, bibi akaenda kwa jirani.

Na kama unadhani siasa za vijana zilianza juzi barabarani, msome Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa. Mwaka wa 1968, akiwa na umri kama wangu na wako, aliandika karatasi yenye swali, "Kenya: Twendapi?" Akafungwa miaka mitatu. Mashairi aliyoyatunga gerezani yakatoka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Mji wa klabu za Mtwapa ndio huo huo uliotoa kijana huyo.

Sasa, najua unachowaza. "Bro, naenda likizo kupumzika, si kufanya KCSE ya pili." Sawa. Twende nje basi.

Nenda Haller Park, Bamburi. Zamani palikuwa chimbo la mawe ya kiwanda cha simiti, shimo jeupe lisilo na hata nyasi. Kuanzia 1971 René Haller alijaribu kupanda miti hapo, na uliostahimili vizuri ni mvinje. Majani yake yalikuwa hayaozi, basi wakaleta majongoo, yale mekundu miguu unayoyaruka mvua ikinyesha, yakayala na kuyageuza kuwa udongo. Leo ni msitu wenye twiga, mamba na samaki. Ndipo walipomleta kiboko Owen, aliyenasa baharini karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Disemba 2004, akafanya urafiki na kobe mkongwe aliyeitwa Mzee.

Mimi nikitembea pale nilifikiria machimbo ya Ndarugu. Nusu ya ploti za Juja na Ruiru zimejengwa kwa mawe ya kule. Mawe yakiisha, shimo linaachwa, mvua inalijaza, na kila mwaka tunasikia mtoto kazama. Hatukosi mashimo, jamani. Tunakosa majongoo na mtu wa kungoja miaka thelathini.

Bahari nayo ina mengi kuliko kulowesha miguu. Nje ya Nyali na Bamburi kuna hifadhi ya baharini ya Mombasa iliyotengwa 1986, unaweza kwenda kwa boti na miwani ya kuogelea ukaona matumbawe. Wanaojua kupiga mbizi wana meli yao kabisa, MV Dania, iliyokuwa ikibeba mifugo kabla ya kuzamishwa makusudi mwaka wa 2002 ili samaki wapate nyumba. Mimi sijui kupiga mbizi, mimi ni mtu wa mto Ruiru, huogelea kwa imani. Kwa watu kama mimi kuna kupwa. Maji yakitoka unaweza kutembea mbali juu ya mwamba, ukaona vitu vinavyotambaa ambavyo huvijui jina. Vaa viatu, kuna miiba, na muulize mvuvi saa ya maji kurudi. Usiulize TikTok.

Nikiutaja mto Ruiru, kuna jambo limekaa nami sana. Mto huo, kama ule wa Ndarugu, unaingia Athi. Athi unapita Fourteen Falls, pale Thika tunapoenda kula samaki tukilalamika povu. Unaendelea, unabadilishwa jina kuwa Galana, kisha Sabaki, unaingia bahari karibu na Malindi. Na kabla haujafika baharini, pale Baricho kando ya Sabaki, kuna visima vinavyopeleka maji Malindi, Kilifi na Mombasa. Umenielewa? Kile tunachotupa mtoni huku kinasafiri kuelekea kwa watu wale wale tunaoenda kuwaomba dafu baridi. Maji yetu huwatembelea kila siku, na hayasalimii.

Tuje kwa doo, maana najua ulikuwa unangojea hapa. Watu husema Mombasa ni ghali. Sherehe ndiyo ghali, mji si ghali. Treni ya SGR daraja la kawaida ni shilingi 1,500, kwenda na kurudi 3,000. Kutoka Ruiru huna haja ya kuingia tao: shika matatu ya Eastern Bypass pale Kamakis hadi Mombasa Road, kisha nyingine hadi Syokimau. Chumba cha kawaida kisiwani, chenye feni na neti, mimi hulipa kama 1,800 kwa usiku. Mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai mchana, biriani mara moja ili roho itulie: weka 600 kwa siku. Nauli za humo ndani, 1,000. Wikendi ya usiku mbili haifiki 10,000 kabla ya viingilio. Wikendi mbili za nyama Kamakis, ukiwa mtu wa kununulia meza nzima, zimeishinda hiyo hesabu.

Na usiende Disemba. Disemba tikiti huisha mapema na kila chumba hupandishwa bei kwa ajili yako, kwa sababu wanajua unakuja na akili umeiacha. Nenda Julai au Agosti, upepo wa kusi ukivuma na joto limepungua. Bahari huwa na mawimbi kidogo, lakini kutembea ni raha tupu. Aprili na Mei mvua itakufungia ndani.

Sitakudanganya kwamba kila kitu ni kizuri. Kituo cha Miritini kiko mbali na mji na wenye tuktuk pale wana bei zao za kukupima sura. Takataka zipo. Usiku kuna vichochoro ambavyo wenyeji wenyewe watakwambia usipite, wasikilize. Kuna sehemu za ufuo ambapo njia ya umma imemezwa na kuta za hoteli, ukauliza askari wa lango njia ya baharini iko wapi akakuonyesha barabara kuu. Hilo litakukera zaidi ukiwa umetoka mbali, na sawa ukereke, kwa sababu mwenyeji anakereka nalo mwaka mzima na hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kumuunga mkono. Sisi tuko upande wa ndani wa huo ukuta, kwenye bwawa.

Kama tayari umeshachangia nyumba ya Nyali ya Disemba hii na pesa hazirudi, ni sawa. Jumamosi asubuhi, wakati mbogi bado inakoroma, toka. Vuka daraja la Nyali kwa matatu, shuka mjini, uliza Fort Jesus iko wapi. Ikifika saa sita utakuwa umerudi, nao watakuwa wanaamka kutafuta supu. Na uwabebee mabuyu, yale mekundu, si ya pakiti ya supamaketi ya Thika.